Mtu Mmoja, Kila Alhamisi

Chake Chake, Pemba
Ijumaa, 10 Mei 2024

Kwa Mchungaji Aminirabi Ndosi,
Mkuu wa Jimbo, Dar es Salaam

Amini, mtani wangu,

Usishtuke kuona karatasi. Simu ninayo na bando ninalo. Lakini kwenye simu nakuandikia aya tatu, wewe unanirudishia mikono miwili iliyofumbatana na neno "Barikiwa". Nimechoka kubarikiwa. Barua hii anakuletea muuguzi wetu anayekuja huko likizo, na nimemwambia asitoke ofisini kwako mpaka aione imefunguliwa.

Jana ilikuwa Kupaa kwa Bwana. Tulikuwa watu tisa kanisani, kati ya ishirini na watatu tulionao Chake Chake nzima. Nilihubiri vizuri, wala sioni haya kusema hivyo. Baada ya ibada nikasimama mlangoni nikingoja mtu aniulize jambo lolote juu ya nilichokisema. Fundi friji akaniuliza kama kipaza sauti kimeshatengenezwa.

Simlaumu yeye. Nawalaumu wenzangu wenye kola, na wewe ukiwamo. Mwezi wa nne ulituongoza kwenye kikao cha wachungaji, watu thelathini na wanane, siku tatu. Tukazungumza mabati, uhamisho, pikipiki, mnada wa mavuno na sare za kwaya. Siku ya pili nikanyoosha mkono nikasema, jamani, tupate hata saa moja tuulizane tunamhubiri Mungu gani. Ukumbi ukacheka, Amini. Mmoja akasema, "Mchome bado yuko chuoni!" Nawe ukacheka, kisha ukaita ajenda inayofuata. Kule chuoni tulibishana juu ya Meza ya Bwana tangu chakula cha mchana mpaka kengele ya jioni, ukasahau mashati yako kambani yakanyeshewa yote. Yule mtu wa mashati alikwenda wapi?

Sasa nikupe habari. Nimepata mtu wa kuzungumza naye theolojia, naye ni Mwislamu.

Anaitwa Maalim Soud. Amesomesha Kiarabu na dini miaka thelathini na sita, sasa amestaafu, anakaa hapa Tibirinzi nyumba ya tatu kutoka ninapopanga. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri anakaa barazani kwake, nami nakwenda. Mkewe, Bi Mwanakhamis, anatuletea kahawa na visheti na kusema, "Haya, mtafuteni Mungu, lakini kahawa isipoe." Tunabishana mpaka adhana ya magharibi. Yeye hataki kunisilimisha, wala mimi sina nia ya kumbatiza. Tuliambiana hilo siku ya kwanza, yakaisha. Anachotaka ni kujua ninasema nini hasa, na kama mwenyewe ninajua ninachokisema.

Jana akanikalisha, akaniuliza hivi. "Padri," (ndivyo anavyoniita, nimekata tamaa ya kumsahihisha) "nyinyi mwasema Mungu kakusameheni bure, yote, kwisha. Mbona kila Jumapili mnaanza ibada kwa kuungama tena? Kama kakusamehe, unamwomba nini? Na kama unamwomba, basi hujaamini kuwa kakusamehe. Lipi?"

Nikamjibu yale tuliyokariri, kwamba utu wetu wa kale unazamishwa upya kila siku. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, kisha akasema, "Hilo umelikariri. Sasa nambie lako." Amini, sikuwa nalo. Miaka ishirini na miwili madhabahuni, nikakaa pale nikitafuna kisheti.

Wewe ndiye uliyekuwa kichwa cha darasa letu. Nijibu. Lipi?

Nduguyo,
Elinihaki Mchome


Dar es Salaam
27 Mei 2024

Mtani,

Barua nimeipata. Muuguzi wako alikaa kweli, akanywa soda mbili akiwa amenikodolea macho mpaka nikaifungua. Naona umewaambukiza ukaidi wa Kipare.

Nimefurahi kwamba una jirani mwema. Swali lake ni zuri, tena zuri sana, na nitalijibu nikitulia. Kwa sasa sijatulia. Gari la jimbo limekufa injini, sharika mbili zinagombania mpaka, wiki hii peke yake nina misiba minne na harusi mbili. Kile kicheko cha kikaoni usikiweke moyoni. Watu walikuwa wamechoka na chakula kilikuwa kimeshaiva.

Sasa lililo muhimu. Taarifa yako ya robo ya pili iwe mezani kwangu mwanzoni mwa Julai, kwenye fomu mpya. Nakuomba sana ujaze kila safu. Mara ya mwisho uliacha safu tano wazi ukaandika pembeni "haya hayahesabiki", nami ndiye niliyeitwa kujieleza. Safu wazi siku hizi inarudishwa. Kama kuna jambo linafanyika, litafutie safu. Kama halina safu yake, liweke kwenye ile inayokaribiana nayo. Usinitie aibu tena, Elinihaki.

Barikiwa. (Nimeiandika kwa mkono, kwa hiyo hii usiikatae.)

Aminirabi


Chake Chake
1 Julai 2024

Mheshimiwa sana Mkuu wa Jimbo,

Pokea fomu. Imejaa pomoni. Nimehesabu mpaka viti, na kimoja kilichovunjika mguu nimekiandika nusu.

Hata ile safu ya "Mafundisho ya watu wazima", ambayo tangu nihamie huku naijaza sifuri, safari hii nimeipa haki yake. Nimeandika: mtu mmoja, kila Alhamisi, mahudhurio mazuri, maendeleo ya polepole. Utacheka siku nitakapokueleza, lakini ni kweli tupu, na wewe ndiye uliyeniagiza nisiache kitu.

Jibu lako bado nalingoja. Kila Alhamisi Maalim ananipokea kwa neno moja, "Dar kasemaje?" Nami namwambia Dar ana misiba. Alhamisi iliyopita akasema, "Maskini, watu wa Dar wanakufa sana."

Mzee anaanza kukudharau, mtani. Andika hata mistari minne.

Elinihaki


Dar es Salaam
19 Julai 2024

Ndugu yangu mpendwa katika Bwana,

Haleluya! Mbona hukusema waziwazi? Unaniandikia habari kubwa namna hii kana kwamba unahesabu viti!

Nilipoisoma ile safu nilisimama peke yangu ofisini. Mtu mmoja, kila Alhamisi. Nikaichukua barua yako ya Mei nikaiweka pembeni ya fomu, nikajua ni nani. Mwalimu wa dini yao! Mzee mzima! Jumanne niliwasomea halmashauri, watu wakaimba wakiwa wamesimama. Imeshawekwa kwenye jarida la jimbo, na jana nimeiweka kwenye kundi la wachungaji na la kwaya. Sikutaja jina, nimeandika tu "mwalimu mstaafu wa Kiarabu, Tibirinzi".

Tumepanga hivi. Siku ya Matengenezo ya Kanisa, tarehe 31 Oktoba, mwaka huu inaangukia Alhamisi, siku yenu hiyohiyo. Nitakuja mwenyewe na kwaya ya watu arobaini, sare mpya, na bango. Ubatizo tuufanyie mahali pa wazi ili watu waone. Muulize mzee anapenda jina gani.

Na lile swali lake, nadhani sasa halina haja ya kujibiwa tena. Roho amelijibu mwenyewe.

Kwa furaha kuu,
Aminirabi


Chake Chake
2 Agosti 2024

Aminirabi,

Umenifanyia nini?

Mtu mmoja ni mimi. Umesikia? Ni mimi, Elinihaki Mchome, ninayekwenda pale kila Alhamisi kufundishwa namna ya kufikiri. Mahudhurio mazuri, yangu. Maendeleo ya polepole, yangu. Fomu yako haina mahali pa kuandika kwamba wachungaji wamekaa wakazungumza habari za Mungu, nikatafuta safu inayokaribiana kama ulivyoagiza. Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo, nalikiri. Nilidhani nimefanya mzaha mzuri kwenye karatasi ya serikali ya kanisa. Lakini Maalim Soud hajawahi kuwa mwanafunzi wangu, wala hajakaribia maji ya ubatizo, wala hana nia hiyo, na nilikuandikia hivyo mwezi wa tano kwa maneno mepesi kabisa!

"Sikutaja jina," unasema. Tibirinzi ina walimu wastaafu wa Kiarabu wangapi? Mtu wa kwaya kamtumia rafiki, rafiki kamtumia mwingine, mwisho imemfikia Hafiz, mtoto wa Maalim, anayefanya kazi hukohuko Dar. Jumatatu Shaame mwenye duka aliniuliza mbele za watu, "Padri, ni kweli haya?" Nikasema si kweli. Akanipa sukari yangu akaangalia pembeni.

Alhamisi ya tarehe 25 nilikwenda, baraza tupu, mlango umefungwa. Jana nimekwenda tena. Bi Mwanakhamis alinijibu dirishani, "Maalim hana nafasi." Mama yule hajawahi kuniacha nisimame nje hata dakika moja. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni.

Tuko ishirini na watatu hapa, na watu wa hapa wametupokea vizuri miaka yote. Wanatuuzia samaki, wanatuzika, watoto wetu wanakula Idi kwao. Ukileta watu arobaini na bango, tutawaambia nini? Na yule mzee atawaambia nini wenzake msikitini? Mimi nitapoteza mtu pekee kisiwani anayeniuliza swali. Futa kila kitu. Simama mbele ya watu ulioimba nao useme umekosea. Leo, si ukitulia.

Nimekukasirikia, na mwandiko unauona. Lakini nimekwisha kukusamehe, Amini. Nilikusamehe kabla sijaanza kuandika, la sivyo nisingekupa ukali wote huu. Ningekutumia mikono miwili iliyofumbatana.

Elinihaki


Dar es Salaam
14 Agosti 2024

Ndugu yangu,

Nimefuta. Nilisimama mbele ya halmashauri nikasema, "Nilikosea, hakuna anayebatizwa, na lawama si ya mtu mwingine." Makundi yote nimeyaandikia mara tatu, na jarida litatoa sahihisho ukurasa wa kwanza. Kwaya wamenuna, wameshashona sare. Hafiz nilimtafuta, nikaenda mpaka kazini kwake kumwomba radhi. Ni kijana mstaarabu, aliniacha nimalize kusema.

Sasa kuna jingine, ambalo hukuniuliza.

Swali la Maalim nililisoma siku ileile ya soda mbili. Muuguzi wako alipoondoka nikaenda kwenye kabati la vitabu ili nilijibu. Kabati lina kufuli, na sikujua ufunguo uko wapi. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nililifungua lini. Ni mwaka niliochaguliwa kuwa mkuu, Elinihaki. Miaka tisa. Mahubiri yangu nayachukua kwenye simu siku ya Jumamosi, nabadilisha majina ya vijiji. Watu wanalia, wananishukuru, nami nashuka madhabahuni nikiwa mkavu kama nilivyopanda. Mke wangu anadhani nikijifungia ofisini ninasoma.

Siku ile kikaoni nilicheka kwa hofu. Niliogopa kwamba saa hiyo moja tukiipata, utaniuliza mimi wa kwanza. Na nilipoona "mtu mmoja" kwenye fomu yako, nilifurahi kupita kiasi, nawe sasa unajua kwa nini. Kama mzee anabatizwa, basi swali lake limekufa, na mimi nimepona.

Yule mtu wa mashati sijui alikwenda wapi. Naona haya kukuandikia haya yote, lakini nimeshayaandika na bahasha iko wazi mbele yangu. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Wala sijui kwa nini leo nimeweza.

Ufunguo nimeupata. Ulikuwa kwenye droo ya risiti.

Amini


Mtambile, Pemba
8 Septemba 2024

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema.

Kwako Mkuu wa Mapadri wa Kilutheri, Dar es Salaam.

Ama baada ya kukutakia heri na afya, wewe na jamaa zako, mimi ni Soud, yule uliyembatiza kwa karatasi. Ni mzima, na bado ni Mwislamu, alhamdulillahi.

Habari hiyo niliipata kwa mwanangu Hafiz, aliyepiga simu analia. Nilimwambia, tulia baba, mtu habadilishi dini kwa jarida. Hata hivyo sitakuficha, iliniuma. Shaame, jirani yangu wa miaka ishirini, alinipa mkono wa ncha za vidole. Imamu aliniita faragha, kwa upole, lakini aliniita. Ijumaa ya pili nikaomba ruhusa, nikasimama baada ya sala nikasema, "Jamaa, mie ndiye ninayemsomesha padri. Padri hanisomeshi mie. Mwenye shaka aje Alhamisi barazani asikilize, aone nani anatoka jasho." Watu wakacheka, na Shaame akaja kunishika mkono mzima.

Kesho yake nikaja huku Mtambile, kwani karafuu zimeiva na hazina subira. Padri wenu aliendelea kukuta mlango umefungwa. Alhamisi mbili za kwanza nilimgomea, sikatai. Zilizofuata zilikuwa karafuu tu, lakini yeye akazihesabu zote ni hasira yangu. Mwisho wa mwezi akanifuata huku. Alikaa jamvini na wanawake akachambua karafuu siku mbili, anatia vikonyo kwenye karafuu na karafuu kwenye vikonyo, mpaka mke wangu akamnyang'anya ungo. Siku ya pili ndipo akanieleza habari ya fomu yenu, na kuwa aliyeandikwa ni yeye. Wallahi nilicheka mpaka nikashika mti.

Nataka ujue kilichoniuma hasa. Dini yangu iko mahali pake, haikutikisika. Lakini kuandikwa mwanafunzi! Miaka thelathini na sita nimeshika chaki, niwe mwanafunzi wa mtu ambaye swali langu la mwezi wa tano hajalijibu mpaka leo? Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kwa hiyo radhi zako nimezipokea kwa moyo safi, kwa sharti moja. Padri anasema swali alikuletea wewe uliye mkubwa wao. Ni miezi minne sasa. Njoo ulijibu mwenyewe, barazani kwangu, Alhamisi yoyote karafuu zikishakauka. Kwaya ibaki huko. Bi Mwanakhamis anasema visheti vipo, na kwamba ana maneno mawili ya kukwambia, lakini ukishakula.

Wabillahi taufiki.

Soud, mwalimu


Dar es Salaam
Ijumaa, 1 Novemba 2024

Elinihaki,

Nimefika salama. Meli ya kurudi ilikuwa na huruma kuliko ile ya kuja, kwa hiyo acha kuwasimulia watu nilivyoshuka bandari ya Mkoani nimeshikwa mikono.

Ulikuwepo barazani Alhamisi ya wiki iliyopita, lakini nataka niandike, kwa sababu nilikuwa na woga kiasi kwamba sikuyasikia maneno yangu mwenyewe. Nilikuja na kurasa sita mfukoni. Wiki tatu nimezifanyia kazi, kabati wazi, vitabu sakafuni, mke wangu ananiuliza kama ninahama. Nikazitoa, nikakohoa, nikaanza kusoma. Aya ya pili haijaisha, Maalim akasema, "Kunja karatasi, Sheikh. Nambie lako."

Nikamwambia hivi, kama nakumbuka sawasawa. Mwezi wa nane nilimwandikia ndugu yangu huyu jambo nililolificha miaka tisa. Nilipoandika sikujua kwa nini nimeweza. Nilijua baadaye, niliposoma barua yake tena. Mwisho wa ile barua ya ukali alikuwa ameandika kwamba amekwisha kunisamehe. Kama angekuwa hajanisamehe ningeendelea kuficha, ningejitetea, ningetuma Barikiwa. Nilikiri kwa sababu nilikuwa nimeshasamehewa, na nilijua. Basi ndivyo tunavyosimama Jumapili, Maalim. Hatuungami ili Mungu aanze kutusamehe. Ameshamaliza, ndiyo maana midomo yetu inafunguka.

Nilimsikia Bi Mwanakhamis nyuma ya pazia akilalamika kwamba kahawa imepoa. Kisha mzee akasema, "Silikubali." Nikaanza kuzirudisha kurasa zangu mfukoni. "Silikubali, lakini hilo ni lako." Akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Nilitaka kulia, nikasingizia uchungu wa kahawa, nawe ukaniona ukaangalia barabarani. Asante. Tena hata sijaimeza, akaniuliza, "Na yule asiyejua kuwa kasamehewa, huyo atafungua mdomo vipi?" Adhana ikaniokoa.

Jana niliwaita wachungaji wote kwa Siku ya Matengenezo. Ajenda ilikuwa moja tu, swali la mwezi wa tano. Nikaanza kwa kuwaambia habari ya kabati langu, kufuli, ufunguo, yote. Hakuna aliyecheka. Ndipo yule mzee wetu anayestaafu Desemba akasema, "Mkuu, mimi la kwangu nililifunga mwaka wa themanini na tisa." Basi, ukawa mlango umefunguka. Wapishi walikuja mara tatu, wali ukaganda kwenye masufuria. Wawili wamenuniana kuhusu ubatizo wa watoto na mpaka leo asubuhi hawajapatana. Sijafurahi hivi tangu mashati yale.

Lile swali jipya la Maalim linanikosesha raha. Una mawazo gani?

Amini

N.B. Yale maneno mawili ya Bi Mwanakhamis nimeyatii. Nimemwambia mke wangu habari yote ya kabati.


Chake Chake
Alhamisi, 2 Januari 2025

Mtani,

Mawazo yangu juu ya yule asiyejua nimeyaandika kurasa nne, zimo humu ndani. Zisome ukiwa umeketi, halafu unipinge. Shaame siku hizi anafunga duka Alhamisi alasiri na kuja kukaa nasi. Haongei, lakini wiki iliyopita alimwambia Maalim, "Hapo padri kakushika," na Maalim hakumsemesha mpaka magharibi.

Fomu ya robo ya nne ni hii, safu zote zimejaa. Kwenye "Mafundisho ya watu wazima" nimeandika: watu wawili, kila Alhamisi.

Safari hii sikuthubutu kuituma kabla mwalimu hajaikagua. Aliisoma yote, mpaka viti, akavaa miwani upya, akaomba kalamu. Chini kabisa utaona wino mwekundu. Ni mwandiko wake, na hata muhuri wake wa zamani wa shule ameupiga:

"Mwanafunzi wa kwanza anajitahidi. Mwanafunzi wa pili ana akili, lakini tangu Oktoba hajahudhuria. Aje."

Elinihaki